MENO YA WAZEE WETU SI JAMBO LA KUCHEKA



Katika mkutano uliopita wa tawi letu palikuwa na mambo matatu ya kuzungumza: malipo ya ovataimu, nyumba za wafanya kazi, na barua ya mzee mmoja aliyestaafu. Mambo mawili ya kwanza yalichukua saa mbili. Barua ya mzee ilisomwa mwisho, watu wamekwisha simama na wengine wamekwisha vaa makoti. Iliposikiwa ya kuwa mzee aomba msaada wa kununua meno, watu wengi walicheka. Sisi wa kamati tuliokaa mbele twakiri ya kuwa hata sisi tulitabasamu. Shauri likaahirishwa mpaka mkutano ujao. Basi kabla ya mkutano huo twataka kusema maneno yetu, maana kicheko kile hakikutupendeza tulipokwisha fika nyumbani.

Mzee yule si mgeni kwetu. Alifanya kazi ya njia zaidi ya miaka thelathini: kuinua reli, kubadili mataruma, kushindilia kokoto, juani na mvuani. Wakati mwingi aliishi katika kambi za mbali na mji. Jino likimwuma alingoja mpaka siku ya mapumziko, na alipofika kwa mganga jino liling'olewa. Kung'oa ni kazi ya dakika chache, lakini kuziba kwataka mashine na dawa, na pengine kurudi mara ya pili. Na nani angempa ruhusa ya kurudi mara ya pili? Hivyo ndivyo meno yake yalivyokwenda, moja moja. Leo juu hana hata moja. Chini anayo manane, yote ya mbele. Chakula chake ni uji, chai na ugali laini. Githeri amekwisha iaga. Akipewa nyama huifyonza maji yake akaitema kwa siri, na akisema mbele ya watu huweka mkono mdomoni.

Wala msidhani ya kuwa hakujaribu kujisaidia. Alipopata malipo yake ya kustaafu, alikwenda kwa mtu mmoja aliyefanya kazi ya meno katika chumba cha nyuma, bila leseni. Mtu yule alimpima mara moja tu, akamtengenezea meno ya juu juu ya mizizi iliyobaki ndani ya ufizi, akapokea fedha. Baada ya wiki mbili ufizi ulivimba na usaha ukatoka. Meno yale yapo mpaka leo katika mkebe wa Kimbo chini ya kitanda chake. Mizizi ilikuja kung'olewa na daktari wa kweli, kwa gharama nyingine. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na hapa rahisi ilivunja hata moyo wa mzee.

Sasa tuje kwa yaliyosemwa mkutanoni.

Mwanachama mmoja alisema ya kuwa pengo ni uzee, na uzee ni heshima, basi mzee ana haja gani ya meno? Twamjibu hivi. Zamani vijana wa Kijaluo waling'olewa meno sita ya chini ya mbele, na pengo lile halikuwa aibu bali alama ya kuwa mtu amekua. Lakini watu wale walibaki na magego yao ya kutafunia, na meno yao ya juu yote, wakala mahindi na nyama mpaka uzeeni. Kwa hiyo pengo lenyewe si ugonjwa. Ugonjwa ni kukosa kutafuna. Mtu asiyeweza kutafuna huacha nyama, njugu, maharagwe, mboga ngumu na matunda, akabaki na vyakula laini vya wanga na chai ya sukari. Akiwa na ugonjwa wa sukari, kama walivyo wazee wengi siku hizi, chakula hicho humwongezea taabu.

Hata wataalamu wa meno hawasemi ya kuwa kila pengo lazima lizibwe. Mwaka 1981 Profesa Arnd Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, aliandika ya kuwa watu wengi waliokosa magego ya nyuma hutafuna vizuri tu maadamu meno yao ya mbele na yale yanayofuata yamebaki mazima na yanakutana juu na chini. Mwaka 1989 Wajapani walianza kampeni ya kuwataka watu wafike umri wa miaka 80 wakiwa na meno yao wenyewe 20. Na mwaka 1992 Shirika la Afya Duniani lilitaja hesabu hiyo hiyo ya 20, yaani mtu akiwa na meno yasiyopungua 20 maisha yake yote, yamtosha kwa kawaida bila ya kutiwa mengine. Basi mwanachama aliyekosa gego moja au mawili asikimbilie kuuza ng'ombe. Na amwulize daktari kwanza: nikiliacha pengo hili kama lilivyo, litanidhuru nini? Mara nyingine jibu litakuwa, halitakudhuru. Lakini mzee wetu anayo manane, na juu hakuna jino la kukutana nayo. Huyo hana njia ya kutafuna hata kidogo.

Mwanachama mwingine alitutolea methali: jino la pembe si dawa ya pengo. Watu wakapiga makofi. Methali hiyo ni ya kweli, lakini na tuielewe. Katika zamani za pembe, meno ya bandia ya Ulaya na Marekani yalichongwa kwa pembe za ndovu na meno ya kiboko. George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu kinywani, na meno yake ya bandia yalitengenezwa kwa pembe, na meno ya watu, na vyuma. Yalimwumiza na kumvimbisha mdomo, ingawa alikuwa mkubwa wa nchi. Pembe hunyonya mate, hugeuka rangi na kunuka. Basi aliyesema pembe si dawa alisema haki. Lakini tangu miaka ya 1930 meno ya bandia hutengenezwa kwa akriliki, aina ya plastiki ngumu isiyooza, inayoweza kurekebishwa ikivunjika. Tunalobaki nalo katika methali ile ni onyo moja: jino la bandia halitakuwa kamwe sawa na jino la kuzaliwa. Kwa hiyo jino la kwanza la kuchagua ni lile ulilo nalo bado. Hilo ndilo shauri letu la kwanza, na twaomba mlishike.

Twasema hivi kwa sababu shauri la tatu lililotolewa mkutanoni lilikuwa hili: mzee ang'olewe yale manane yaliyobaki, kisha atiwe meno yote mapya juu na chini, kazi iishe mara moja. Shauri hili laonekana safi, lakini sisi twalipinga kwa nguvu zetu zote.

Meno ya bandia ya juu hukaa vizuri kwa kuwa yanafunika kaakaa lote, na mate huyanatisha kama karatasi iliyolowa inavyonata juu ya kioo. Meno ya bandia ya chini hayana kaakaa. Yamekaa juu ya ufizi mwembamba wenye umbo la kiatu cha farasi, na ulimi upo katikati ukiyasukuma mchana kutwa. Tena jino likisha ng'olewa, mfupa uliolishika huanza kuyeyuka, na mwaka wa kwanza ndio mbaya zaidi. Mwaka 1972 mtafiti Antje Tallgren alitoa habari za watu waliovaa meno ya bandia na kupimwa kwa miaka 25, na alionyesha ya kuwa mfupa wa taya la chini ulipungua kama mara nne kuliko ule wa juu. Ndugu zetu wa njia watatuelewa: kokoto zikichukuliwa na maji, hata reli mpya haitulii. Meno manane ya mzee ndiyo yanayoulinda mfupa wake wa chini. Kumng'olea yaliyo mazima ni kumwondolea msingi, na akisha ondolewa hakuna fedha ya chama itakayomrudishia.

Shauri la nne lilitoka kwa mtoto wa mzee mwenyewe, anayefanya kazi Nairobi. Yeye asema baba atiwe vipandikizi, yaani meno ya kupandikizwa. Hiki si kitu cha kudharau. Profesa Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi aligundua ya kuwa mfupa hushikana na madini ya titani kana kwamba ni kitu kimoja, na mwaka 1965 alimtilia mtu wa kwanza skrubu za titani tayani ili zibebe meno. Leo kazi hiyo yafanywa hata hapa Kenya. Skrubu hutiwa ndani ya mfupa, mara nyingi mtu hungoja miezi mitatu hata sita mpaka ishike, kisha jino hufungwa juu yake. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Montreal, Kanada, walikubaliana ya kuwa mtu asiye na jino hata moja chini, jambo bora la kwanza ni meno ya bandia yaliyofungwa juu ya vipandikizi viwili, ili yasichezecheze. Na umri peke yake hauzuii. Mzee wa miaka 75 mwenye afya aweza kutiwa.

Lakini yapo mambo ya kupima. Ugonjwa wa sukari usiotulizwa na uvutaji wa sigara huharibu kazi. Mtu anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, au dawa za kuzuia damu kuganda, au aliyewahi kuchomwa kwa miale kichwani au shingoni kwa ajili ya saratani, ni lazima amwambie daktari kabla ya kitu chochote. Kisha kipandikizi hutaka kusafishwa kila siku kwa uangalifu, maana ufizi wake waweza kuugua na mfupa ukaliwa, kama kwa jino la kweli. Na bei: kipandikizi kimoja pamoja na jino lake chaweza kupita shilingi laki moja. Mfuko wetu wa msaada haujajengwa kwa mzigo huo. Tukimtilia mzee mmoja vipandikizi vinne, wazee wengine watakaoandika mwaka huu watakuta mkebe mtupu. Na zaidi ya hayo, mzee huyu hana haja navyo chini maadamu meno yake manane yangaliko.

Tusisahau daraja, kwa kuwa wengine waliliuliza. Daraja la meno ni kama daraja la reli: jino la bandia katikati, limeshikwa na nguzo mbili za kando. Haling'oki na kurudishwa, hukaa mahali pake, na likitunzwa laweza kudumu miaka kumi na zaidi. Lakini ili kulitia, daktari huyachonga meno ya kando, hata kama ni mazima, na huwezi kuyarudishia kile kilichochongwa. Kila mfanya kazi wa reli ajua ya kuwa daraja ni nguzo. Nguzo zikiwa legevu, usipitishe gari. Kwa pengo la jino moja au mawili katikati ya meno yenye nguvu, daraja lafaa. Kwa mzee wetu hakuna nguzo juu kabisa, na nyuma chini hakuna nguzo pia. Basi hilo limejiondoa.

Yabaki meno ya kuvaa na kuvua. Haya ni ya namna tatu. Yako ya akriliki, ambayo bei yake ni nafuu, na ambayo yaweza kuongezwa jino jingine likianguka, au kutiwa kitambaa kipya cha ndani ufizi ukipungua. Yako yenye mwili wa chuma, membamba na imara zaidi, yanayoegemea juu ya meno yaliyobaki wala si juu ya ufizi tu. Bei yake ni kubwa kuliko ya akriliki lakini si kama ya vipandikizi. Na yako ya nailoni laini, ambayo wengi huyapenda kwa kuwa hayaonyeshi chuma na ni mepesi mdomoni. Lakini haya yakivunjika au ufizi ukibadilika, ni taabu kuyatengeneza. Mzee ambaye mdomo wake ungali ukibadilika afikiri sana kabla ya kununua kitu kisichotengenezeka.

Kamati ilimpeleka mzee kwa daktari wa meno mwenye leseni, ili tusibishane gizani. Daktari alimpiga picha ya taya na kumwangalia jino kwa jino. Alisema ya kuwa jino moja katika yale manane linacheza na halifai, saba ni mazima. Shauri lake ni meno kamili ya akriliki juu, na chini meno ya nyuma ya kuvaa, yaliyoshikwa na yale saba. Tulimwuliza, kwa nini asitiwe ya juu peke yake ili tupunguze gharama? Alitufundisha jambo ambalo hatukulijua: meno ya mbele ya chini yakipiga peke yake kila siku kwenye meno ya bandia ya juu, mfupa wa juu wa mbele huliwa, ufizi ukawa laini kama sifongo, na meno ya juu yakaanza kulegea na kuanguka. Ya nyuma ya chini ndiyo yatakayougawa mzigo. Kama behewa lililopakiwa upande mmoja, ndivyo alivyotuonyesha, na sisi tulielewa upesi.

Hilo ndilo shauri tunaloliunga mkono, na ndilo tutakaloleta mkutanoni: mfuko ulipe nusu ya gharama, na watoto wake walipe nusu. Mtoto wake wa Nairobi amekubali.

Kwa wanachama wengine wenye wazazi, au wanaojiona wenyewe wakielekea huko, twaongeza maonyo machache.

Kwanza, usitazame bei ya siku ya kwanza tu. Uliza, kikivunjika chatengenezwa wapi, na kwa muda gani? Meno ya kuvaa hayadumu milele, maana ufizi huendelea kupungua chini yake. Baada ya miaka kadhaa yatataka kutengenezwa upya. Mzee anayeishi mbali na mji asinunue kitu ambacho fundi wake yuko Nairobi tu, kama hana mtu wa kumleta.

Pili, tazama mikono ya mzee na si mdomo wake tu. Je, aona vizuri? Mikono yatetemeka? Kama atasafishiwa na binti au mjukuu, kitu cha kuvua na kuosha chaweza kuwa bora kuliko kitu kilichofungwa mdomoni ambacho hakuna mtu atakayekifikia. Na dawa za presha zaweza kukausha mate, na meno ya juu hukosa kunata. Haya yote aambiwe daktari.

Tatu, mtu asing'olewe jino kwa ajili ya rangi yake. Ndugu zetu waliokulia Nakuru na Naivasha wengi wana meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi iliyomo katika maji ya huko. Jino la kahawia la namna hiyo si jino bovu. Na akitengenezewa jino la kukaa kando ya hayo, achague rangi inayolingana, asije akaonekana kama aliyebandika chokaa.

Nne, hakikisha leseni. Madaktari wa meno na kliniki zao husajiliwa na Baraza la Madaktari wa Tiba na Meno la Kenya, na leseni yapasa kuonekana. Ukiiomba na mtu akakasirika, toka. Ambaye uwezo wake ni mdogo aulize hospitali za serikali, na hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako wanafunzi hufanya kazi chini ya macho ya waalimu wao. Huko kazi yaweza kwenda polepole, lakini hutazamwa na mtu anayeijua.

Tano, uvumilivu. Wiki za kwanza mate hujaa, maneno hupotea, na chakula hakina ladha. Mtu aanze na vyakula laini vilivyokatwa vidogo vidogo, atafune pande zote mbili, na asome kwa sauti nyumbani ili ulimi uzoee. Gazeti letu hili latosha kwa kazi hiyo. Pakitokea kidonda asichukue tupa akaparuza mwenyewe, wala asigandishe meno yaliyovunjika kwa gundi ya dukani. Arudi kwa daktari, na siku ile ayavae ili daktari aone yanapouma. Usiku ayavue, ayaoshe kwa brashi na sabuni laini juu ya beseni lenye maji, yasije yakaanguka na kuvunjika, kisha ayaweke katika maji baridi. Maji ya moto huyapinda. Asiyeyavua kamwe huota kuvu na ufizi ukawa mwekundu. Na hata asiye na jino moja aonwe na daktari kila mwaka, kwa kuwa saratani ya mdomo haiulizi kama mtu ana meno.

Sasa twageukia matajiri wetu, na sisi wenyewe tunaokaa nao mezani.

Mzee huyu hakuzaliwa kibogoyo. Alipoteza meno yake akiwa kazini kwetu, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu ruhusa ya kwenda kuziba jino ilikuwa ngumu kuliko ruhusa ya kwenda kuling'oa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa ufa ulikuwa jino dogo la kuzibwa, na ukuta ndio huu tunaochangiwa leo. Kwa hiyo twataka mambo matatu yaingie katika mkataba wetu ujao na mwajiri.

La kwanza, mfanya kazi apewe ruhusa yenye malipo ya kwenda kwa daktari wa meno angalau mara moja kwa mwaka, na yule wa kambi za mbali apewe na nauli.

La pili, bima. Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya jamii, iliyochukua mahali pa NHIF, na zaidi ya hiyo wako wenye bima ya mwajiri. Mara nyingi fungu la meno katika bima za waajiri ni dogo, na meno ya bandia huachwa nje au huwekewa mpaka. Chama kidai yaandikwe ndani waziwazi, na kila mwanachama apewe karatasi inayoonyesha fungu lake kwa Kiswahili. Na wanaokaribia kustaafu waonwe na daktari wa meno mwaka mmoja kabla, wakati bima ingali inafanya kazi. Twaona wenzetu wakiingia nyumbani na fedha mkononi na meno mabovu mdomoni, na fedha zikamfuata mtu wa chumba cha nyuma.

La tatu, ajali. Mtu akipigwa na mtaimbo au akianguka kutoka behewani akavunjika meno, mara nyingi husema, ni jino tu, akanyamaza. Asinyamaze. Sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya majeraha kazini yataja matibabu ya meno miongoni mwa gharama ambazo mwajiri hulipa. Aripoti siku ile ile, iandikwe, na katibu wa tawi apewe nakala.

Wako watakaosema ya kuwa chama ni cha kupigania mshahara, si cha kutafuta meno. Lakini mshahara twautafuta ili tule. Mzee huyu alikatwa ada ya chama miaka yote ile, na alisimama nasi katika migomo wakati ambapo wengi wetu tulikuwa shuleni. Barua yake haikuomba sadaka. Mstari wake wa mwisho, ambao haukusikika kwa sababu ya kelele, ulisema ya kuwa ataleta risiti.

Mkutano ujao jambo hili litakuwa la kwanza katika orodha. Twawaomba mje mapema, mkae, msikilize, kisha mpige kura. Na mzee mwenyewe atakuwapo. Tumemwambia ya kuwa safari hii hakuna atakayecheka.

Umoja ni nguvu.

Kamati ya Tawi